Seva ya Chama na Zana Nyepesi za Kuitunza

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati, makatibu na makarani wa vyama vya msingi, Dodoma



Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi daftari la chama cha ushirika lilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kilichofungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mikononi mwa mtu aliyejulikana na wanachama wote. Kilo za alizeti alizoleta mkulima, hisa alizonunua, mkopo alioupata na fedha alizolipwa, yote yaliandikwa humo kwa wino. Mwanachama mwenye shaka aliweza kufika ofisini na kuomba ukurasa wake ufunguliwe mbele yake.

Leo daftari hilo linahamia katika kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, yenye makao yake makuu hapa Dodoma, hupokea taarifa za vyama kwa njia ya mfumo wa kompyuta uitwao MUVU. Vyama vya akiba na mikopo vimekuwa vikiweka hesabu za wanachama wao katika programu badala ya vitabu, na baadhi ya vyama vina seva zao au vimekodi. Kwa hiyo swali la zamani limerudi likiwa limevaa nguo mpya: ni nani mwenye ufunguo wa kabati hili, na je, wanachama wanaweza kujua alifanya nini alipolifungua?

Maelezo haya yanahusu zana ambazo mtunzaji wa seva hutumia katika kazi yake. Jambo hilo huonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini itadhihirika kwamba uchaguzi wa zana hizo unagusa fedha za chama, usalama wa hesabu zake, na haki ya wanachama kukagua mali yao.

SEVA NI NINI, NA KWA NINI HAIHITAJI MAPAMBO

Seva ni kompyuta inayokaa mahali pamoja ikizitumikia kompyuta nyingine na simu. Karani wa ghala anapoandika uzito wa magunia, maandishi yake huenda kuhifadhiwa katika seva. Katibu anapotaka jumla ya mauzo ya msimu, seva ndiyo inayomjibu. Hakuna mtu anayeketi mbele ya seva akiandika barua au kutazama picha. Mara nyingi hata skrini haina. Imewekwa katika chumba kilichofungwa, au imekodiwa na ipo katika mji mwingine.

Kompyuta ya mezani ni kitu tofauti. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya macho na mkono wa mtumiaji: ina madirisha yanayofunguka na kufungwa, ina alama za picha, ina kipanya cha kubofya. Mambo hayo ni mazuri mahali pake. Lakini kila dirisha na kila picha ni programu, na kila programu hudai kumbukumbu ya mashine na nafasi katika diski, hutaka kusahihishwa mara kwa mara, na huweza kuwa na tundu ambalo mwizi atapitia. Kuiwekea seva mazingira hayo yote ni sawa na kulijengea ghala la mtama sebule ya wageni, ilhali hakuna mgeni anayelala humo.

Tofauti hiyo inapimika. Mwongozo wa kusimika Debian, mfumo endeshi usiolipiwa, katika toleo lake la 11 la mwaka 2021, ulipendekeza kumbukumbu ya megabaiti 512 na diski ya gigabaiti 2 kwa mashine isiyo na madirisha. Kwa mashine yenye madirisha ulipendekeza kumbukumbu ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 10. Maana yake ni kwamba madirisha peke yake, kabla chama hakijaandika hata jina la mwanachama mmoja, yanadai kumbukumbu mara nne. Chama kinachokodi seva hulipia kumbukumbu kila mwezi. Chama kilicho na kompyuta ya zamani, iliyoshindwa kubeba madirisha ya siku hizi, kinaweza kukuta kwamba bado inafaa kabisa kuwa seva.

Wala asifikiri mtu kwamba huku ni kujinyima kwa ajili ya umaskini. Seva nyingi za makampuni makubwa duniani huendeshwa bila madirisha. Kampuni ya Microsoft, iliyotajirika kwa kuuza mfumo unaoitwa kwa jina hilohilo la madirisha, ilianza mwaka 2008 kutoa namna ya seva yake iliyopunguziwa sehemu kubwa ya madirisha hayo. Matajiri nao wameona kwamba mzigo usio na kazi ni hasara.

SOMO LA KONGWA

Mikoa ya kati ina somo lake la zana nzito, nalo limeandikwa katika ardhi ya Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko mpango mkubwa wa kulima karanga. Yaliletwa matrekta kwa wingi, mengi yao mabaki ya vita, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu na vichaka viliyavunja, vumbi likaingia katika mitambo, na udongo ulipokauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Vipuri vilitoka mbali na mafundi wa kutosha hawakuwapo. Mwezi Januari 1951 ilitangazwa kwamba mpango umekwisha, na takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Katika nchi hiyohiyo, wakulima wenyeji waliendelea kulima kwa majembe yao.

Hakuna anayesema kwamba trekta ni kitu kibaya. Kosa lilikuwa kuchagua zana kwa ukubwa wake bila kuuliza kazi yenyewe ni ipi, mahali ni wapi, na nani ataitengeneza ikiharibika.

Somo la pili ni la kompyuta zenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya kazi ya kuweka hesabu za Serikali kwa kompyuta kuharibika, Serikali ilizuia kompyuta kuingizwa nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa miaka mingi baadaye. Mitambo ilikuwapo, lakini ujuzi wa kuiendesha ulikuwa bado mikononi mwa wageni. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Na chama kinachomtegemea fundi mmoja wa mbali kwa kila jambo dogo la seva yake kinarudia kosa hilo kwa kiasi kidogo.

ZANA NYEPESI NI ZIPI

Zana ya kwanza, ambayo nyingine zote huitegemea, inaitwa SSH. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Helsinki, baada ya wezi kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi katika mtandao wa chuo hicho. SSH humwezesha mtunzaji kuingia katika seva iliyo mbali na kuiamuru kwa maandishi, na kila neno linalopita njiani huwa limefumbwa hata mtu akilinasa asilielewe. Tangu mwaka 1999 imekuwapo OpenSSH, ambayo hutolewa bure na ndiyo inayotumika zaidi.

Ndani ya seva zipo zana ndogondogo, kila moja na kazi yake. Ipo df, inayoonyesha nafasi iliyobaki katika diski. Ipo htop, inayoonyesha programu zinazokula kumbukumbu. Ipo nano, ya kuhariri faili. Ipo journalctl, ya kusoma matukio yaliyoandikwa na mashine yenyewe. Ipo rsync, ya mwaka 1996, inayonakili faili kwenda mashine nyingine na kupeleka zile sehemu tu zilizobadilika. Ipo cron, inayofanya kazi kwa saa iliyopangwa, kwa mfano kuweka nakala ya akiba kila usiku wakati makarani wamelala. Karani mwenye bidii akizijua amri zisizozidi ishirini, ataweza kufanya sehemu kubwa ya kazi za kila siku.

Faida ya zana hizi huonekana zaidi pale mtandao unapokuwa dhaifu. Skrini ya maandishi ya kawaida ina mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, yaani herufi 1,920 zikijaa zote. Ni mzigo mdogo kuliko ukurasa mmoja wa barua. Picha ya skrini ya siku hizi, yenye nukta 1,920 kwa 1,080, ni zaidi ya baiti milioni 6 kabla haijabanwa, na hata ikibanwa hapana budi itumwe tena na tena kila kitu kinapobadilika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na mtandao ukadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hizo, seva iliyokodiwa ng'ambo haifikiki kwa urahisi kwa njia ya picha. Lakini maandishi machache yanaweza kupenya katika uzi mwembamba uliobaki.

Na kama uzi huo ukikatika katikati ya kazi? Iko zana iitwayo tmux, iliyoanza mwaka 2007, ambayo hushikilia kazi ndani ya seva yenyewe. Mtunzaji aliyekuwa akisahihisha mfumo akiwa Mpwapwa, mtandao ukampotea, hurudi baada ya saa moja akaikuta kazi yake inaendelea au imekwisha. Pasipo zana hiyo, kazi inaweza kukatika nusunusu, na hesabu zilizoachwa nusu ni mbaya kuliko zisizoguswa kabisa.

Kwa wale ambao bado wanaogopa skrini ya maandishi, upo ukurasa wa usimamizi unaofunguliwa katika kivinjari. Webmin ilianza mwaka 1997. Cockpit ni ya baadaye na huungwa mkono na kampuni ya Red Hat. Hizi humwonyesha mtunzaji hali ya diski, programu na watumiaji kwa picha chache na vitufe, na picha hizo huchorwa na kompyuta yake mwenyewe. Ni hatua ya kati inayofaa kwa wanaojifunza, mradi zilindwe kama itakavyoelezwa.

AMRI NI MAANDISHI, NA MAANDISHI HUKAGULIWA

Ndugu Wajumbe, faida zote zilizotajwa ni za kweli, lakini kwa chama cha ushirika iko moja inayozizidi. Kazi ya kubofya haiachi maandishi. Fundi akisogeza kipanya, akabonyeza pale juu, kisha pale kushoto, kisha akakubali, hakuna awezaye kesho yake kusema kwa uhakika alifanya nini. Karani anayeelekezwa kwa simu huambiwa, "Bonyeza kile kidogo cha kijani," naye mbele yake hakioni.

Amri ya maandishi ni neno. Inaweza kuandikwa katika daftari, ikasomwa kwa simu, ikatumwa kwa ujumbe mfupi, ikarudiwa mwakani na mtu mwingine ikatoa kazi ileile. Inaweza kuwekwa mbele ya kamati pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili: amri hii hutazama diski, hii huhifadhi nakala, hii humwondoa mtumishi aliyeacha kazi. Wanaushirika wanalijua jambo hili tangu zamani, kwa maana ndilo lililo ndani ya muhtasari wa mkutano. Neno lililosemwa hupotea, lakini lililoandikwa na kutiwa sahihi humfunga aliyelisema.

Hata hivyo Kiswahili kisiachwe nyuma. Ni kweli kwamba amri zenyewe ni vifupisho vya Kiingereza, na hilo huwatisha wengi. Lakini mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili. Walionyesha kwamba programu huria inaweza kusemeshwa lugha ya wananchi. Daftari la amri la chama, lenye maelezo ya Kiswahili sanifu kando ya kila amri, ni kazi ndogo zaidi ya hiyo, na iko ndani ya uwezo wa karani yeyote.

HATARI ZISIZOPASWA KUFICHWA

Zana nyepesi si zana zisizo na makali. Kwanza, amri haina huruma. Amri ya rm hufuta faili, wala hakuna kapu la taka la kwenda kuliokota. Kosa la herufi moja linaweza kuondoa hesabu za msimu mzima. Ndiyo maana nakala za akiba hutangulia mambo yote, na nakala ambayo haijajaribiwa kurudishwa isihesabiwe kuwa nakala.

Pili, ukurasa wa usimamizi ni mlango. Mwezi Agosti 2019 iligunduliwa kwamba ndani ya matoleo ya Webmin kuanzia 1.890 hadi 1.920 palikuwa pametiwa kwa siri maneno yaliyomwezesha mtu wa nje kuiamuru seva. Maneno hayo yalikaa humo zaidi ya mwaka mmoja kabla ya toleo 1.930 kuyaondoa. Fundisho si kwamba zana hiyo isitumike. Fundisho ni kwamba ukurasa wa namna hiyo usiachwe wazi kwa dunia nzima; ufikiwe kwa kupitia SSH au kutoka ndani ya ofisi tu, na masahihisho yake yafuatwe bila kuchelewa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ipo hatari ya mtu mmoja. Seva ina mtumiaji mkuu mwenye mamlaka ya kila kitu. Neno lake la siri likijulikana na watu watatu, fedha zikipotea hakuna atakayejulikana. Likijulikana na mtu mmoja tu, naye akafariki, akahama au akagombana na chama, daftari la wanachama limefungiwa ndani. Zaidi ya hayo, mwenye mamlaka yote anaweza kufuta nyayo zake mwenyewe. Kwa hiyo haitoshi seva kuandika matukio. Hapana budi nakala ya matukio hayo ipelekwe kila mara kwenye mashine nyingine ambayo mtunzaji huyo haitawali.

MAMBO YA KUAMULIWA NA KAMATI

Mambo yafuatayo hayahitaji ufundi, yanahitaji uamuzi, na uamuzi ni kazi ya kamati:

(a) Kabla ya kununua au kukodi seva, kamati iulize kama chama kinaihitaji. Chama kidogo kinaweza kutumia seva moja pamoja na wenzake kupitia chama kikuu na kumgharimia mtunzaji mmoja aliyefunzwa vizuri. Huo ndio ushirika wenyewe.

(b) Seva isimikwe bila madirisha, na iwekewe programu zile tu ambazo kazi yake imeandikwa na kuelezwa mbele ya kamati.

(c) Kila mtunzaji aingie kwa jina lake mwenyewe na kwa ufunguo wake wa SSH, badala ya neno la siri. Kazi za mtumiaji mkuu zifanywe kwa njia ya sudo, ambayo huandika ni nani aliyeamuru na aliamuru nini. Mtumishi akiondoka, ufunguo wake ufutwe siku hiyohiyo.

(d) Watunzaji wasipungue wawili. Ufunguo wa dharura uwekwe katika bahasha iliyotiwa lakiri na kufungiwa katika sanduku la fedha, na kufunguliwa kwake kuandikwe katika muhtasari.

(e) Nakala za akiba ziwe zaidi ya moja, na moja yao ikae nje ya jengo. Kila miezi mitatu nakala irudishwe kwa majaribio mbele ya mjumbe wa kamati.

(f) Daftari la amri liwepo, kwa Kiswahili, na lionyeshwe kwa wakaguzi pamoja na vitabu vya fedha.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azilinde. Majina, namba za simu na madeni ya wanachama ni taarifa za namna hiyo. Chama hakiwezi kujitetea kwa kusema kwamba mambo ya kompyuta aliyajua fundi peke yake.

HITIMISHO

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au wa alizeti wa Kongwa hatajifunza SSH, na wala hana haja nayo. Anachohitaji ni kujua kwamba kilo alizopima zimeandikwa kama zilivyopimwa, kwamba hakuna mkono uliozigusa gizani, na kwamba siku atakapouliza atajibiwa. Zamani alihakikishiwa hayo kwa kitabu, kabati na ufunguo. Sasa atahakikishiwa kwa seva iliyopunguziwa mizigo isiyo ya lazima, inayotunzwa kwa amri zinazoandikwa, na watumishi ambao kazi yao inaweza kusomwa na wengine.

Jembe jepesi hulima likiwa na mkono unaolijua. Vyama visitumie fedha zote kununua jembe vikasahau kuufunza mkono.